Bandari ya Dakika Kumi na Moja

Nchi ilikuwepo. Anayebisha na abishe, ila asiniulize iko upande gani wa ramani, maana waulizao maswali ya namna hiyo huwa hawarudi kutueleza walijibiwa nini. Itoshe kujua kwamba nchi ilikuwa na bahari, bahari ilikuwa na bandari, na bandari ilikuwa na mji ulioula mkate wake kutoka humo. Mji wenyewe ukiitwa Magatini.

Magatini, meli ikifunga kamba asubuhi, adhuhuri haijafika mji mzima umeshajua. Kuli anabeba, karani anaandika, dereva wa lori anatafuta turubai lake, fundi wa matairi anaanza kugongagonga, na kinyozi ananyoa vichwa vilivyokuwa vikimngoja tangu meli iliyopita. Hata sadaka za Ijumaa na za Jumapili zilipanda na kushuka kwa kufuata meli. Wenyeji walisema mji wao hauna mvua wala jua. Una meli tu.

Katika mji huo aliishi rubani mmoja, Ngwali Shomvi. Si rubani wa ndege. Rubani wa bandari ni yule mtu ambaye, meli ngeni ikifika nje ya mlango wa bandari, huifuata kwa boti, akapanda kwa ngazi ya kamba huku mawimbi yakimtupa huku na huku, akasimama kando ya nahodha asiyemjua na kumwambia: polepole, kushoto kidogo, hapo pana mwamba. Mwisho meli inalala gatini kama mtoto aliyewekwa kitandani. Ngwali alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo, na hakuwa amekwaruza meli hata moja.

Mkewe, Mwanaheri, alikuwa mama lishe nje ya geti namba tatu. Alikuwa na masufuria matatu, kaniki moja ya kazi, na sauti ya kutosha kuwaita makuli kutoka gati la mwisho. Mungu hakuwajalia mtoto. "Nina makuli mia mbili," Mwanaheri alikuwa akisema, "na wote wana njaa. Huyo mwingine ningemlisha nini?" Watu walicheka, naye alicheka nao, na Ngwali peke yake ndiye aliyejua kwamba utani ule ulimchukua miaka mingi kuutunga.

Kisha figo za Mwanaheri zikachoka. Akaacha masufuria, akawa mtu wa hospitali ya mkoa, mara tatu kwa wiki, kusafishwa damu kwa mashine. Wodi ile ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama baharini. Wagonjwa walikuwa tisa, na muuguzi wao aliitwa Sista Nyamizi, mwanamke mfupi, mkali, aliyewagombeza kwa kunywa maji mengi, kisha akaenda nje kulia wakishindwa kutii.

*

Sasa, kulikuwa na shirika moja la ng'ambo ambalo kila mwaka lilizipima bandari za Afrika kwa kasi ya kuhudumia meli. Mwaka ule nchi hiyo ilitoka ya mwisho kasoro moja. Iliyokuwa chini yake haikuwa na bahari. Iliingia kwenye orodha kwa makosa ya karani.

Aibu ile ilimlaza kitandani siku mbili Waziri wa Bahari, Magati na Sifa za Taifa, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu Lugendo Kirumbizi. Siku ya tatu aliinuka, akaja Magatini na msafara wa magari thelathini na moja, akahutubia.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Haiwezekani bahari kama hii, bahari tuliyopewa na Mwenyezi Mungu na kuboreshwa na serikali, itutie fedheha! Natamka mbele yenu kwamba kabla mwaka haujaisha, Durban watakuja hapa kujifunza. Mombasa watakuja kujifunza. Tanja, Lagos, Jibuti, wote watakuja, na tutawapanga foleni!"

Makuli walishangilia sana. Walidhani wataletewa kreni mpya.

Hawakuletewa kreni. Waliletewa Mkurugenzi mpya wa bandari, Bwana Kisangara, aliyekuwa amesoma nje kwa muda mrefu hadi akasahau kusoma ndani. Bwana Kisangara alijifungia na vitabu vya lile shirika la upimaji, na baada ya wiki moja akatoka ofisini uso unang'aa. Alikuwa amegundua kwamba muda wa meli huhesabiwa kuanzia inapofunga kamba gatini hadi inapozifungua. Basi, meli isiyofunga kamba haina muda. Na meli isiyo na muda haiwezi kuchelewa.

Ukatoka Waraka Namba Saba. Kwa siku sitini zilizobaki za upimaji, meli zote zenye mzigo zitie nanga nje ya mlango na kungoja. Ndani ya bandari ingeingia meli moja tu, MV Fahari ya Taifa, mali ya serikali, nyeupe, safi, na tupu hadi chini. Ingeingia, ingefunga kamba, bendi ingepiga wimbo, ofisa angepiga saluti, kamba zingefunguliwa, nayo ingetoka. Walijaribu mara ya kwanza, wakapata dakika kumi na tisa. Kisha wakafupisha wimbo, zikawa kumi na moja.

"Kazi hii inataka mkono mwepesi," Bwana Kisangara alimwambia Ngwali. "Tumekuteua wewe."

"Kuingiza meli tupu, bwana?"

"Kuingiza takwimu, Rubani. Kuingiza takwimu."

Ngwali aliitikia. Alikuwa mtu wa amri, na isitoshe, siku sitini aliziona si nyingi. Nalisema hili mapema, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakujisamehe kwa hilo.

*

Wiki ya kwanza mji ulipiga miayo. Wiki ya pili ulianza kukaza mkanda. Madereva wa malori waliegesha magari yao kando ya barabara ya bandari, wakalala chini yake. Wizara ikatangaza kuwa foleni ya malori imekomeshwa. Wizi bandarini ulishuka kwa asilimia mia, kwa kuwa hakukuwa na cha kuiba, na mkuu wa polisi wa bandari akapandishwa cheo. Makuli waliitwa ukumbini kwa semina ya siku tatu iliyoitwa "Kuli Kama Fursa". Walikwenda wote, kwa ajili ya chai.

Na Ngwali alikuwa akiingia na kutoka. Mara ishirini kwa siku aliipanda Fahari ya Taifa, akaileta, akaitoa. Meli tupu huelea juu juu, hupeperushwa na upepo kama kuku, na ustadi wa kuiongoza ni mkubwa kuliko wa meli nzito. Ngwali alikuwa hodari. Picha yake ilitoka gazetini.

Meli ya kumi na nne kutia nanga nje ya mlango iliitwa Lulu ya Kaskazini. Siku ile ile Sista Nyamizi alimvuta Ngwali pembeni kwenye veranda ya hospitali.

"Baba, ile meli ya buluu yenye bomba jekundu, unaifahamu?"

"Lulu ya Kaskazini. Imefika asubuhi."

"Mna vichujio vyetu vya mashine mle. Vya mwaka mzima. Hapa nimebakiwa na vya wiki mbili, nikibana sana, tatu. Itaingia lini?"

Ngwali alitazama baharini. Meli ilikuwa pale, maili mbili tu, inaonekana hadi kamba zake za nguo za mabaharia.

"Zimebaki siku thelathini na nane," alisema.

Sista Nyamizi aligeuka. Aliingia wodini, na tangu siku hiyo wagonjwa walisafishwa damu mara mbili kwa wiki badala ya tatu. Baadaye ikawa mara moja.

*

Mwanaheri alivimba miguu, halafu uso. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi ilhali amekaa. Kitanda chake kilikuwa dirishani, na Ngwali alipokwenda kumwona alimkuta anaitazama meli ya buluu.

"Ile pale ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Nani kakwambia?"

"Wodi nzima inajua. Tunaitazama kama taarabu." Akatulia apate pumzi. "Na ile nyeupe inayopita mbio mbio kila saa, ni yako?"

Ngwali alimfunika miguu kwa shuka.

"Unaiendesha vizuri," Mwanaheri alisema, na hakuwa akimsimanga. Miaka yote alikuwa akijivunia kazi ya mumewe, hakujua namna ya kuacha.

Kesho yake Ngwali alivaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, akaenda kwa Mkurugenzi. Bwana Kisangara alimkaribisha kwa heshima zote, akamwagizia chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, Rubani. Kwa kweli pole. Lakini meli hiyo haipo."

"Bwana Mkurugenzi, geuka dirishani. Ile pale."

"Unaiona kama mtu binafsi," Bwana Kisangara alisema kwa upole. "Hata mimi, nikiwa mtu binafsi, naiona. Kama taifa, hatuioni. Tukiiona itabidi tuihesabu."

"Basi sanduku moja tu. Watu tisa, bwana. Vichujio viletwe hata kwa ndege."

"Kuleta kwa ndege ni kukiri kwamba bandari imeshindwa." Akamsogezea sahani ya biskuti. "Zimebaki siku thelathini tu. Mwambie mama ajikaze. Taifa zima linajikaza."

Ngwali aliiacha chai ikapoa. Alitoka hadi kwenye boti yake, akamwambia msukani wake, Chande, waelekee kwenye Lulu ya Kaskazini. Chande alimtazama usoni, akawasha injini bila kuuliza.

Nahodha wa Lulu alikuwa mzee wa mataifa ya mbali, mwenye ndevu nyeupe na Kiswahili cha kuokoteza kwenye bandari nyingi. Alimpeleka Ngwali mwenyewe hadi kwenye shehena. Kontena la hospitali lilikuwa chini kabisa, na juu yake yalikaa mengine manne, yamefungwa kwa vyuma.

"Winchi yangu naweza kutoa," nahodha alisema. "Lakini lazima gati. Hapa bahari inacheza. Kontena likipiga, watu wangu kufa."

"Hakuna namna ya kupenya kwa ubavuni?"

Nahodha alitikisa kichwa. Akaingia chumbani kwake, akarudi na sanduku la huduma ya kwanza la meli na mkebe wa biskuti. Ndani ya sanduku mlikuwa na bendeji, dawa ya jicho na vidonge vya kichwa. Alivitoa kwa mikono miwili, na Ngwali akavipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mtu anapokupa vyote alivyonavyo huwezi kumwambia kuwa havisaidii.

*

Mgonjwa wa kwanza kufa alikuwa fundi cherehani aliyelazwa kitanda cha mlangoni. Wa pili alikuwa mwalimu wa chekechea. Siku alipokufa mwalimu, Ngwali aliingiza na kutoa Fahari ya Taifa mara ishirini na mbili, na hiyo ikawa rekodi.

Jumatano iliyofuata, saa mbili asubuhi, bendi ilikuwa gatini, ofisa wa saluti amesimama, na Fahari ya Taifa inamngoja rubani wake nje. Boti ya Ngwali ilitoka mlangoni, ikaikaribia meli nyeupe, ikaipita, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye meli ya buluu.

"Nahodha," Ngwali alisema alipofika juu, "vuta nanga. Tunaingia."

"Kuna ruhusa?"

"Mimi ndiye rubani."

Lulu ya Kaskazini ilikuwa nzito, imezama hadi alama yake ya mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi na siku kadhaa Ngwali alihisi mzigo chini ya miguu yake. Aliipitisha kando ya mwamba, akaipindisha kwenye mkondo, na ilipokata kona ya mlango akamwomba nahodha apige honi. Ikalia ndefu, mara tatu.

Mji ulisimama. Wanaume waliamka chini ya malori. Kinyozi alitoka na wembe mkononi na mteja akamfuata, nusu ya kichwa ina povu. Makuli walikuja mbio kutoka kila kichochoro, wengine peku, wakaparamia uzio wa geti namba tatu hadi ukalala chini. Hapakuwa na aliyewaita. Walizidaka kamba za meli, wakazifunga. Bendi, isijue la kufanya, ilipiga ule wimbo uliofupishwa.

"Mama yenu yuko hospitali!" Ngwali alipaza sauti kutoka juu ya daraja la meli. "Kontena lake liko chini! La tano kutoka juu!"

Hakuna aliyeuliza mama yupi. Winchi ya meli ilianza kulia.

Kontena la kwanza liliteremshwa kwa dakika saba. Mtu akalivunja kufuli kwa mtaimbo, huenda ndilo lenyewe. Likafunguka, likatoa mazulia mekundu, makunjo kwa makunjo, yenye anwani ya wizara. Walikuwa wamefunga minyororo kwenye la pili Bwana Kisangara alipofika anakimbia, saa mkononi, na askari wa bandari nyuma yake.

"Dakika tisa!" alikuwa akilia, na alikuwa akilia kweli, machozi yanatiririka. "Dakika tisa zimeshahesabiwa! Ikikaa siku nne tumekwisha! Kateni kamba!"

"Bwana Mkurugenzi," Ngwali alimwita kutoka juu, "nipe saa mbili. Naomba saa mbili tu."

"Kateni!"

Askari walikata kamba kwa mashoka. Boti mbili za kuvuta meli zilikuwa tayari zimeishika Lulu kwa nyuma; zikaiburuta kutoka gatini huku kontena la pili likining'inia kwenye winchi kama jino linalotaka kung'oka. Makuli walishika vipande vya kamba vilivyobaki. Walivuta. Watu sabini, labda themanini, walivuta meli ya tani elfu kumi kwa mikono, na miguu yao ikateleza taratibu kwenye saruji hadi ukingoni, na hapo ikabidi waachie.

Ilikuwa dakika ya kumi na moja.

*

Ngwali alishushwa, akapelekwa kituo cha polisi cha bandari akamatwe. Hakukamatwa. Fomu za kukamatia watu zilikuwa zimekwisha, na karatasi za kuchapia nyingine zilikuwa ndani ya meli iliyotia nanga nje. Mkuu wa kituo alimtaka radhi, akamwomba arudi akiitwa.

Basi alikwenda hospitali kwa miguu, mchana ule ule. Sista Nyamizi alikuwa mlangoni. Alimtazama mikono, ikiwa mitupu, akapisha njia.

Mwanaheri alikuwa macho, lakini sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, kama maji ya mwisho chini ya mtungi. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa ili asiumizwe na jua, na dirisha lilikuwa mgongoni mwake.

"Nimesikia honi," alisema.

"Umesikia?"

"Tatu. Nikamwambia Sista, huyo ni wangu." Akapumzika. "Umeileta?"

"Nimeileta."

"Wanashusha?"

Ngwali aliinua macho. Dirishani, maili mbili nje, meli ya buluu ilikuwa inatia nanga tena.

"Wanashusha," alisema.

"Akina nani?"

"Wote. Wamekuja wote, mama. Wameangusha uzio. Wengine hawana viatu."

Mwanaheri alitabasamu kwa upande mmoja wa uso uliovimba. "Wamekula lakini? Usiwaache wanyanyue vitu vizito na matumbo matupu. Wajinga wale hawasemi wakiwa na njaa."

"Nitawaambia wale kwanza."

"Waambie."

Alimshika mkono. Alikaa naye alasiri yote, akimweleza jinsi kazi inavyokwenda: kontena la kwanza limeshuka, la pili limeshuka, sasa wako la tatu. Alizitaja sauti za winchi. Aliyataja hata matusi ya makuli, naye akacheka bila sauti. Walipofika kontena la tano, Ngwali hakujua aseme nini zaidi, akalishusha polepole sana. Mwanaheri alikufa kesho yake Alhamisi, saa nne asubuhi, kabla halijagusa chini.

Walimzika makuli. Waligombea jeneza hadi imamu akawakemea.

*

Baada ya siku kumi na tano ikaja barua yenye nembo ya taifa. Ngwali alifunga nyumba, akampa jirani ufunguo, akavaa kanzu safi, akaenda kukamatwa. Walimpeleka kwenye jukwaa.

Nchi ilikuwa imetangazwa ya kwanza. Wapimaji wa shirika, watu makini sana, waligundua katika kumbukumbu kwamba meli ya Lulu ya Kaskazini, yenye shehena kamili ya tani elfu kumi, ilihudumiwa gatini kwa dakika kumi na moja. Haikuwahi kutokea duniani. Zile safari za meli tupu waliziondoa zote kwa kuzitilia shaka. Iliyobaki ilikuwa hiyo moja, na ndiyo iliyoleta ushindi.

Mazulia mekundu yalitandazwa kutoka gatini hadi jukwaani. Waziri Kirumbizi alisema kwa saa mbili na nusu. Alisema bandari si meli, bandari ni moyo. Alisema wapo watu wachache, wasioitakia mema nchi, wanaodai kwamba Magatini kuna njaa, ilhali yeye amepita barabarani na hakuona mtu yeyote anakula, jambo linaloonyesha kwamba wote walikuwa wameshiba. Kisha akamwita Ngwali, akamvisha nishani, akampa kipaza sauti.

"Sema neno, shujaa wetu."

Ngwali alizitazama nyuso. Bwana Kisangara alikuwa safu ya mbele, akimtabasamia kwa upendo wa kweli.

"Mke wangu alikufa Alhamisi," Ngwali alisema.

Waziri hakusikia vizuri, akapiga makofi. Kwa kuwa Waziri alipiga, watu wote wakapiga.

*

Waraka Namba Saba ukafutwa kwa shangwe, na meli zikaitwa ziingie. Hazikuwepo. Zilikuwa zimeng'oa nanga moja baada ya moja na kwenda kushusha katika bandari za watu wengine, zisizo na sifa. Wizara ilitoa tamko kwamba sasa bandari haina foleni hata nje.

Nahodha wa Lulu alimwandikia Ngwali ujumbe kwa simu, maneno machache yenye makosa. Alikuwa ameshusha Mkondeni, bandari ya nchi jirani, safari ya siku moja kwa barabara. Hospitali ya kule imepokea masanduku yote. *Nisamehe, Rubani. Mimi najaribu kungoja. Mwenye meli hataki.*

Ngwali aliusoma ujumbe ule mara nyingi, kisha akaenda nao hospitali.

"Sista," alisema, "wamebaki wangapi?"

"Wanne."

"Wanaweza kukaa ndani ya gari siku nzima?"

Sista Nyamizi aliwafikiria mmoja mmoja. "Wanaweza kufia ndani ya gari," alisema. "Na hapa wanaweza kufia kitandani. Nipe nusu saa."

Lori halikuwa shida. Barabara nzima ya bandari ilikuwa malori. Dereva wa kwanza kuambiwa aliinuka na kuanza kufagia nyuma ya gari lake. Wenzake walichangia mafuta ya mwisho yaliyobaki kwenye matangi yao, wakiyavuta kwa mpira kwa midomo. Wagonjwa walilazwa juu ya magodoro, turubai likatandwa juu yao, na Sista Nyamizi akaketi katikati amekumbatia makaratasi yao.

Mpakani walimkuta ofisa kijana, nadhifu, mwenye haraka.

"Fomu za watu wanaotoka zimekwisha," aliwaambia. "Ninazo za bidhaa tu. Mnasafirisha nini?"

"Watu," Ngwali alisema. "Wagonjwa."

Ofisa aliandika. "Idadi?"

"Wanne."

"Ni vitu vinavyoharibika?"

Ngwali aligeuka kulitazama turubai.

"Ndiyo," alisema. "Vinaharibika haraka."

Ofisa akagonga muhuri. Mwisho wa mwezi wizara ilitangaza kwamba, licha ya maneno ya wapinzani, taifa limeendelea kuuza bidhaa nje.

Walifika Mkondeni alasiri. Hospitali ile ilikuwa kuukuu, kuta zake zinabanduka rangi, lakini mashine zilikuwa zinanguruma. Hawakuulizwa mengi. Wagonjwa wote wanne walifika wakiwa hai, wakalazwa mmoja baada ya mwingine, na Sista Nyamizi akavua viatu, akaanza kusaidiana na wauguzi wa pale kana kwamba aliajiriwa jana.

Kwenye ukumbi, masanduku yalikuwa yamepangwa hadi darini. Kila moja lilikuwa na karatasi iliyoandikwa: Hospitali ya Mkoa, Magatini. Muuguzi mmoja alikuwa akifungua, na Ngwali akasimama karibu naye.

"Baba, unahitaji kitu?"

"Naweza kukiona kimoja?"

Muuguzi alimpa. Kilikuwa mrija mnene wa plastiki, urefu wa mkono hadi kiwiko, umejaa nyuzi nyeupe nyembamba kama nywele za mzee. Ngwali alikiweka kwenye kiganja. Akakihamishia kiganja cha pili. Maisha yake yote alikuwa amezijua meli kwa uzito wake, na kwa siku zote zile alikuwa amekifikiria kitu hiki kuwa kizito, kitu cha kontena, cha winchi na minyororo na watu themanini.

Hakikuwa na uzito. Kilikuwa chepesi kama mkate.

"Kimoja kinatosha mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja, baba."

Aliendelea kukishika. Muuguzi alingoja, kisha, kwa kuwa mgonjwa wa nne alikuwa amelala tayari na mashine inangoja, alinyoosha mkono taratibu na kukichukua.